Bomba la Kumfikia Mgeni Rasmi

Jamani, hata leo nikifika Kasulu mjini napita vichochoroni, maana bodaboda wakiniona tu wanapaza sauti, "Injinia, plastiki imeshatoka?", na mimi sina tena nguvu za kuwajibu.

Ilikuwa hivi. Mimi na mwenzangu Niyonzima tuliazimwa ghala chakavu tuchore na kujenga kiwanda kidogo cha majaribio, cha kutengeneza plastiki ngumu kwa mafuta ya nyonyo (si ya mifuko, msije mkanishtaki, hii ni ya vipuri, bushi na giya za mashine za kusaga). Kikifanya kazi mbele ya mgeni rasmi siku ya uzinduzi, ghala tunaachiwa; kikigoma, tunarudisha. Na mama yangu kule Kumsenga alishang'oa maharage yake, akapanda nyonyo shamba zima kwa neno langu tu. Hilo ndilo lililokuwa likininyima usingizi.

Kwenye mchoro wa kwanza koki ya kutolea plastiki ilikuwa chini ya pipa la kupikia, mle ndani ya ghala, kwenye joto la kumbanika mtu. Nikawaza, hivi kweli nimwingize mkubwa mzima humo na suti yake, watu waseme sikulelewa? Nikarefusha bomba, likatoboa ukuta, likavuka uwanja mpaka chini ya turubai, koki ikakaa mbele ya kiti chake, nikaifunga utepe.

Niyonzima akaniuliza, "Bomba lote hilo utalipasha moto na nini?"

"Na jua lote hili?" nikamjibu. (Akarudi kukaza nati zake. Bora angenizaba kofi.)

Siku ikafika, nimechoka hata kabla haijaanza. Tukaiachia plastiki ya moto iingie bombani mchungaji alipoanza sala, tukidhani sala ni fupi, halafu ukaja utambulisho, na utambulisho wetu mnaujua, kila mmoja asimame, asalimie, amtambulishe aliyekuja naye na yule aliyeshindwa kuja, huku plastiki inapoa kimya kimya. Mwishowe mgeni rasmi akakata utepe, mama akapiga vigelegele, koki ikafunguliwa. Hakuna kitu.

"Mtaalamu," akasema mgeni rasmi, "maji yamekatika?"

Watu wakacheka, na mimi badala ya kukiri nikakimbilia ndani kuongeza moto, iliyobaki kwenye pipa ikaungua, moshi wa kukaba koo ukatoka mlangoni moja kwa moja hadi kwenye pilau, wageni wakatimka wakikohoa, na mgeni rasmi, ambaye alikuwa bado anaivutavuta ile koki, akaingia kwenye gari na kishikio chake kimemng'okea mkononi. Ghala tukarudisha. Aibu niliyoisikia siku ile siwezi kuisema nikaimaliza.

Bomba tulilipasua kwa msumeno. Ndani plastiki ilikuwa imeganda mti mmoja mrefu, mgumu, mzuri ajabu, sawasawa na nilivyoahidi. Mama akaomba kipande, akakifanya mchi wa kutwangia isombe, kisamvu chetu. Nikienda kumsalimia anatwanga, ya maharage hayataji kabisa, na hapo ndipo ninapoumia.

"Mwana wanje, mwanangu," aliniambia juzi, "mchi huu hauliki."

Nikala isombe yangu nimeinamisha kichwa. Nimeapa, mgeni nitampa kiti, nitampa maji ya kunywa, lakini bomba langu halitoki tena nje ya ghala kumfuata mtu, hata awe nani. Tatizo tu, ghala lenyewe sina.