Msimu Ambao Redio Ilinyamaza

Pikipiki iliniacha kijijini Wamaza nikiwa na matope hadi magotini, na kabla sijavua viatu nikaenda kutazama nyuma ya nyumba ya bibi. Mti wa viwavi, wale tuliowala kila msimu, ulikuwa pale pale. Nilicheka peke yangu, rafiki yangu, maana ulikaribia sana kuwa mbao.

Nilipokuwa mtoto, bibi alichukua vitu dukani kwa deni: sabuni, sukari, betri za redio. Kidogo leo, kidogo kesho, mpaka mwenye duka, mfanyabiashara wa kutoka Kasongo, akaja mwenyewe uani. Hakufoka. Alipapasa tu gome la mti wetu.

"Mama, unipe huu muti nipasue mbao. Deni inaisha leo."

"Na watoto watakula viwavi vya wapi? Ungojee karanga."

"Mpaka karanga zikomae, utachukua tena sabuni kwangu."

"Sichukui. Nitapika yangu ya majivu."

"Utanuka, mama."

"Baba yako aliogeshwa na ile sabuni, na mama yako akamupenda."

Akacheka, akakubali. Lakini karanga zisipozaa, alisema, angeleta msumeno.

Basi tukaishi kwa vilivyokuwepo. Tulikausha maganda ya ndizi, tukayachoma, tukachuja majivu yake kwenye kapu kuukuu, na yale maji ya kahawia bibi akayachemsha pamoja na mawese. Sabuni ilitoka nyeusi, laini kama ugali, nasi tukanukia moshi. Uji ulitiwa ndizi mbivu badala ya sukari. Betri zilizokwisha, ambazo zamani tulizitupa hadi kwenye kijito tulichochota maji, hazikuongezeka tena. Asubuhi jirani alileta kigae kuomba moto. Kesho yake tuliomba kwake, na kiberiti kimoja kikadumu.

Jirani huyo alizoea kusikiliza habari kwetu. Redio ilipozimika hakuacha kuja. Aliketi mbele ya redio jioni, akauliza, "Leo redio inasema nini?"

Bibi, akitwanga sombe, majani ya muhogo, alijibu, "Inasema karanga zimetoa maua." Siku nyingine: "Inasema mbuzi yako imeonekana mu muhogo wangu." Tulicheka mpaka usingizi ukatuchukua.

Karanga zilikomaa. Bibi alizipeleka dukani kichwani, deni likaisha. Mwenye duka akamwekea betri mpya mezani, za kulipia baadaye. Bibi akazisukuma kwa kidole.

"Redio yetu inasema muzuri bila hizi."

Siku hizi bibi hayupo, sabuni nyeusi haipikwi, na kila nyumba ina kiberiti chake. Jioni ile simu yangu ilizimika. Jirani, sasa mzee, alikuja taratibu akaketi mahali pake uani, chini ya mti.

"Leo redio inasema nini?"

Nikasikiliza. Juu yetu viwavi walikuwa wakila majani, na vinyesi vyao vikidondoka kama manyunyu.

"Inasema viwavi wamekaribia kushuka, tutaokota."

Akaegemea ukuta, akafumba macho.

"Uongeze sauti," akasema.