Kila Nilipokanyaga Mafuta

Gari lilianza kugonga mwezi ule ule mama alipoanza kupelekwa Mwanza kwa matibabu ya mionzi. Nikienda mwendo wa kawaida halikuwa na neno. Nikikanyaga mafuta tu, kong! chini ya miguu yangu, na mama aliyelala kiti cha nyuma anaguna. Barabara ya Bariadi hadi Lamadi ni lami nzuri, lakini kila kijiji kina matuta yake, na ukishavuka tuta lazima ukanyage mafuta. Kwa hiyo safari nzima ilikuwa tuta, kong, mguno, mpaka tunaingia Mwanza.

"Mayu, unaumia wapi?" nilimuuliza safari ya kwanza.

"Siumii. Ni hili gari lako linanishtua."

Dada yangu, aliyempakata kichwa, alitazama nje. Mimi nilimwamini mama. Ugonjwa wake ulikuwa wa kizazi, na kwetu mama hamwelezi mtoto wa kiume habari za huko. Jina la ugonjwa nililijua kwa sababu daktari aliniambia. Mengine yote yalikuwa ya dada na shangazi zangu, yakisemwa jikoni kwa Kisukuma, na nikiingia wote wanaanza kuzungumzia mvua. Kilichobaki kuwa changu ni gari. Basi nikalikamia gari.

Fundi wa kwanza pale Bariadi hata hakulisikiliza. Alisema shokapu, tukabadili shokapu, likagonga. Akasema bushi, tukabadili bushi, likagonga kwa raha zaidi. Mimi si mtu wa subira. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, nikahamia gereji nyingine.

Huyu wa pili, mtu mzima asiyependa kuongea, alipanda tukazunguka naye. Alinitaka nikate kona hadi mwisho wa usukani, akatega sikio upande wa magurudumu. Hakuna kitu. Tuliporudi akafungua boneti, akaniambia nishike breki kwa nguvu, niweke gia, nikanyage mafuta kidogo. Injini ikanyanyuka kama ng'ombe anayeamka, kisha ikajibwaga. Kong!

"Umeona? Maunti imekufa hiyo," alisema.

Maunti ni ile mipira inayoishikilia injini isirukeruke. Mmoja ulikuwa umepasuka kabisa, chuma kinapiga chuma. Nilifurahi mno. Kitu kinachomtesa mama yangu nilikuwa nakitazama kwa macho yangu, na kilikuwa kinafunguka kwa spana.

Maunti ya gari langu haikupatikana Bariadi. Ilibidi iagizwe, na kesho yake tulitakiwa hospitali. Fundi akafikiri kidogo, akaingia ndani, akatoka na kipande cha ngozi kavu ya ng'ombe, ile nene ya shingo ya dume. Akaikata, akaipanga tabaka kwa tabaka mahali pa mpira, akakaza nati. Hakuna aliyeshangaa pale gereji, nami sikushangaa. Tumekulia kwenye ngozi, tumelalia ngozi, tumefungia ngozi majembe ya ng'ombe. Mtu wa huku haoni kazi ambayo ngozi itaikataa. Gari likatoka limetulia, nikaenda Ngulyati kwa mama huku napiga mluzi.

Asubuhi tulipita Lamadi bila mlio. Mama alikuwa amesinzia kwa dawa, na mimi nikajisifu moyoni kwamba analala kwa sababu yangu. Tulipokaribia Magu, harufu ya ngozi inayoungua ikaingia ndani. Joto la injini na mafuta yaliyokuwa yakivuja yalikuwa yameilainisha ile ngozi ikawa nyama ya supu. Mlio ukarudi, mkubwa kuliko wa mwanzo, na mama akaamka akilia. Nililichukia lile gari kama mtu anavyomchukia mtu. Niliupiga usukani ngumi mpaka dada akaniambia nisimamishe, nikashuka, nikatembea pembeni ya barabara hadi hasira ikapungua.

Maunti mpya ilifika wiki hiyo. Fundi aliifunga, tukajaribu gari kwenye lami, kwenye vumbi, kwenye kilima. Nilisimama nikakanyaga, nikasimama tena nikakanyaga. Kimya. Fundi alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue, nami nikamshika mkono kwa mikono yangu yote miwili.

Safari iliyofuata sikuwasha redio, maana nilitaka mama ausikie huo ukimya. Pale Mkula nililivuka tuta taratibu sana, nikagusa mafuta kidogo. Gari likateleza bila sauti yoyote. Mama akaguna.

Nikajiambia ni tuta. Tulipofika sehemu tambarare, isiyo na tuta wala shimo, niliachia mafuta, kisha nikakanyaga tena, polepole kabisa. Injini ilikuwa haisikiki. Mama alilia, mkono wake ukashika mgongo wa kiti changu na kuung'ang'ania. Kwenye kioo nikaona dada ananitazama, machozi yanamtoka, anatikisa kichwa nisiulize.

"Bado linagonga," mama alisema.

Nilitazama barabara.

"Ndiyo, mayu," nikamjibu. "Nitalirudisha kwa fundi."