Kisanduku cha Bi Waya

Juu ya kabati la nguo la Bi Waya kulikuwa na kisanduku ambacho mgeni hakuweza kukiona asiulize. Kilikuwa na mpini wa kubebea na kifuniko chenye vibanio viwili. Ukikifungua unakuta kibodi ndogo, kioo cha upana wa kiganja, na safu ya vitaa vyekundu na vya kijani. Majirani walikuwa na lao. Walisema hicho ndicho kilichomzuia kuolewa, kwamba yeye na kisanduku chake walishaoana zamani, kilichobaki ni kupata watoto. Bi Waya alicheka nao, tena kwa sauti kuliko wote, halafu akaingia ndani na kukaa kitandani akikitazama.

Masihara yao yalikuwa karibu na ukweli kuliko walivyodhani.

Kisanduku chenyewe kilikuwa kipimo cha laini za data. Enzi hizo ofisi aliyofanyia kazi ilikuwa na kompyuta kubwa katika chumba cha chini, na laini zilizotoka pale kwenda matawini zilipitisha herufi moja baada ya nyingine, kama watu wanaopita mlango mwembamba. Laini ikigoma, anaitwa Bi Waya, na hilo jina lilianzia hapo hapo. Alichomeka kipimo katikati ya kompyuta na modemu, akatazama kitaa kipi kinawaka na kipi kimekufa. Upande wa pili wa laini alikuwepo fundi mwingine mwenye kipimo kama hicho, mmoja akiandika na mwenzake akipokea.

Laini iliyosumbua kupita zote ilikuwa ya kituo cha mlimani, na fundi wa huko Bi Waya alimwita Mlima. Walikuwa wameonana mara moja tu, kwenye mafunzo walipokabidhiwa vipimo. Alimkumbuka kijana mrefu mwenye mwanya, aliyekaa nyuma kabisa na kuona haya hata kuomba kalamu. Mdomo wake ulikuwa mzito kama nini. Lakini mpe kibodi uone.

Kazini walitakiwa kutumiana sentensi ya majaribio, ndefu, isiyo na kichwa wala miguu, iliyobeba herufi zote. Mlima akimaliza hiyo anaongeza za kwake. Alimuuliza kama amekunywa chai. Alimwambia ukungu umeingia mpaka kwenye mitambo na yeye amevaa makoti mawili. Bi Waya naye hakuwa mtu wa kushindwa kwa maneno, na ndivyo laini mbovu ilivyogeuka kuwa habari njema. Kuna siku ilipona haraka mno, na mafundi wawili wakanuna.

Sasa, vipimo vile vilikuwa na swichi ya kurudisha. Ukiibonyeza, kisanduku hupokea mstari mzima na kuurudisha kwa aliyeutuma, neno kwa neno, bila mtu kugusa kitu. Iliwekwa kwa ajili ya kazi: fundi mwenye dharura huiacha imebonyezwa ili mwenzake aendelee kupima peke yake. Bi Waya akaifanya utani. Mlima akiandika kwamba leo kuna baridi, yeye anajibu kwa vidole vyake mwenyewe kwamba leo kuna baridi. Mlima anauliza, wewe ni mtu au mashine? Anaulizwa yeye, wewe ni mtu au mashine? Bi Waya anacheka mpaka mkuu wa idara anachungulia mlangoni. Laiti Bi Waya angejua mchezo huo utamgharimu nini.

Siku moja, ofisi ikikaribia kufungwa, Mlima aliandika kwamba kesho asubuhi na mapema, kabla watu hawajaingia, atakuwa na jambo la kumuuliza, na safari hii hataki mchezo. Bi Waya hakuwa mtoto. Alijua ni swali gani linalomfanya mwanamume aombe mpaka kesho, na jibu alikuwa nalo tangu zamani, amelikunja vizuri moyoni. Akarudi nyumbani na kupiga pasi gauni lake zuri, utadhani waya una macho.

Asubuhi ile alimtangulia hata mfagiaji. Alichomeka kipimo, vitaa vikawaka vyote. Kabla herufi hata moja haijaingia, simu ya mezani ikalia. Alikuwa dada yake: mama yao ameanguka bafuni na hasemi. Bi Waya alinyakua mkoba. Mkono wake, kwa mazoea tu ya kazi, ukabonyeza swichi ya kurudisha, naye akatoka mbio.

Mama hakuamka tena. Bi Waya aliporudi kazini baada ya mazishi, alikuta kisanduku kimechomolewa na kufungwa, kioo hakina kitu. Aliandika salamu kwenda mlimani. Ikaja sentensi ya majaribio, kavu, hakuna hata chai. Kesho yake ikawa vilevile. Basi, akasema moyoni, mtu amebadili nia. Angeweza kuuliza, lilikuwa jambo la mstari mmoja. Lakini ana msiba, na kiburi anacho cha kuzaliwa, akajiapia kwamba hatambembeleza mtu aliyeshindwa hata kumpa pole. Pole hiyo Mlima angeitoa wapi, na hakuna aliyemwambia kuna msiba? Hilo Bi Waya hakulifikiria. Akaanza naye kutuma sentensi kavu, na hodari wa ukavu alikuwa yeye.

Haukupita muda Mlima akaomba uhamisho. Baadaye ikaja habari kwamba ameoa. Bi Waya alisema vizuri, akaenda kufuta vumbi modemu ambazo hazikuwa na vumbi. Walikuja wanaume wengine, wazuri tu, na kila mmoja alimpata na kasoro. Huyu anaongea sana, yule haongei. Siku mitambo ile ilipoondolewa na vipimo kutupwa, aliomba cha kwake, akakipandisha juu ya kabati.

Hivi karibuni magoti yakaanza kumsumbua, na binti wa dada yake akamwomba wahamie pamoja kwenye nyumba ndogo ya chini, isiyo na ngazi. Kabla ya kuhama, vitu vikabidi vipungue. Yule binti, bila kumaanisha ubaya, akakipiga picha kisanduku na kukitangaza mtandaoni kwamba kinauzwa. Haukupita muda akamletea simu.

“Mama mdogo, kuna mzee anakitaka. Anasema alikuwa anafanyia kazi mlimani.”

Bi Waya aliomba maji kwanza.

Alikuja asubuhi, amebeba kipimo chake mwenyewe. Nywele zilikuwa nyeupe, mwanya ulikuwa pale pale. Walisalimiana kwa adabu nyingi, kama wageni wa shughuli ya mtu mwingine. Alisema mkewe amebaki kwenye gari, ngazi zinamshinda, na binti akateremka kumpelekea kitu cha kunywa. Mlima akaeleza kwamba hakupenda kukitupa chake, ila vibonye vyote vya herufi vimekufa, anatafuta vingine.

“Hakiandiki tena,” alisema. “Kinapokea na kurudisha tu.”

Aliviweka vipimo viwili juu ya meza, akaviunganisha kwa kebo. Vitaa vikawaka kimoja kimoja, na wote wawili wakatabasamu bila kutazamana. Kisha Mlima, macho yake kwenye kebo, akasema kama mtu anayeongea na vidole vyake.

“Ulikuwa unanirudishia maneno yangu, Bi Waya. Mara nyingi nilicheka. Ila lile la mwisho uliniumiza.”

“La mwisho lipi?”

Alimtazama kuona kama ni utani tena. “Nilikuuliza, tuoane? Ukanirudishia, tuoane? Nikaandika, tafadhali, leo si mchezo. Ukanirudishia hilo nalo. Nikaona basi, mtu ameshanijibu.”

Bi Waya alishika ukingo wa meza. Miaka yote alikuwa amemkasirikia mtu aliyekaa kimya, kumbe mtu huyo alisema, tena alisema mara mbili.

“Sikuwepo,” alisema. “Mama alianguka. Nilikiacha kwenye kurudisha nikakimbia. Tulimzika wiki ile ile.”

Mlima alichomoa kebo, akaichomeka tena. Ule mdomo mzito ulikuwa haujapona.

“Vitaa vilikuwa vinawaka,” alisema mwishowe. “Nikajua upo.” Halafu, kwa sauti ya chini, “Pole kwa mama.”

Ile pole ilimchoma Bi Waya kuliko yote. “Mbona hukuuliza?” alisema.

“Na wewe mbona hukuuliza?”

Wazee wawili walikaa mbele ya vioo viwili vitupu, kila mmoja akihesabu ya kwake. Bi Waya aliyaona maisha mengine yote, nyumba na watoto wenye mwanya, yakipita pale mezani na kwenda zake. Alitamani kumlaumu mtu, akakosa.

Simu ya Mlima ikalia mfukoni. Alikuwa mkewe, jua limeanza kuingia kwenye gari. Mlima alimjibu kwa upole mwingi, na Bi Waya aliusikia upole ule na kujua kwamba ni wa kweli. Mlima akainuka ashuke kidogo kulisogeza gari kivulini.

“Nijaribie vibonye, tafadhali,” alimwambia. “Nakuja sasa hivi.”

Bi Waya alibaki peke yake na vile visanduku viwili. Aliandika sentensi ya majaribio, ile isiyo na kichwa wala miguu, na vidole havikusahau hata herufi. Ikarudi nzima. Alisikiliza ngazi. Hapakuwa na mtu. Basi akavuta pumzi, akatafuta herufi taratibu kama mtu anayejifunza, akaandika, Ndiyo.

Kioo kikamwandikia, Ndiyo.

Alikitazama mpaka macho yakajaa machozi, akayafuta kwa upande wa kanga. Nyayo za Mlima zilikuwa zinapanda ngazi. Aliufuta mstari ule, akazima kisanduku chake na kukifunika, akakibana vibanio vyake vyote viwili.

“Vinafanya kazi?” Mlima aliuliza mlangoni.

“Vyote,” Bi Waya alisema, akamkabidhi.