Kabati la Agneta Kwenye Korido

Nianze na aibu yenyewe ili tusizungushane: mimi, mtu mzima wa miaka hamsini na minne, nilikimbia katikati ya mtaa wa Umoja, Nairobi, siku ya Jumamosi, saa sita mchana, kifua wazi, miguu mitupu, povu la sabuni kichwani, nikilifukuza gari la wageni wa jirani yangu huku nikipiga kelele kwamba hakuna maiti. (Na sikuwa nimelewa. Sinywi.) Walioniona ni wengi na wengine bado wananisalimia kwa kicheko, kwa hiyo kuficha hakuna maana.

Mke wangu Agneta alifariki mwaka jana. Tulimzika kwetu Vihiga, na siku ya tatu nikarudi Nairobi, kwa sababu mimi ni kibarua wa kupakia magunia Industrial Area na ukikosa siku nyingi nafasi yako inachukuliwa, kwa hiyo ule wakati ambapo akina mama wa ukoo hukaa pamoja na kugawa nguo za marehemu mimi sikuwepo, na vitu vyake vya hapa mjini vikabaki vyote juu yangu. Mtoto wetu Brian yuko Mombasa kikazi. Nikaona vyumba viwili vya nini, nikahamia chumba kimoja kwenye orofa ileile ya tatu, mlango unaotazamana na wa Mama Shiro.

Kabati la vyombo la Agneta halikuingia. Kusema kweli lingeingia kama ningelazimisha, lakini sikutaka kuamka kila asubuhi nikilitazama. Nikaliacha kwenye korido na vyombo vyake ndani, na magunia mawili ya nguo zake kando, na kwa kuwa likisimama lilikuwa linaziba dirisha, nikalilaza chali.

Sasa, korido yetu si pana. Ndiyo njia ya kupandishia mitungi maji yakikatika, na ndipo watu wanapoanika nguo mvua ikinyesha. Mama Shiro aliniambia mara ya kwanza kwa upole. Mara ya pili aliniambia kwa sauti ya kusikika orofa zote, na mara ya tatu akaja na Omosh, msimamizi wa ploti, yaani jengo letu la wapangaji.

“Baba Brian, majonzi yako nayaelewa,” Mama Shiro alisema, “lakini korido ni yetu sote. Jana nimegonga goti hapo nikiwa na mtungi wa lita ishirini.”

Omosh alijikuna shingo. “Mzee wangu, tuseme mpaka wikendi, si ndiyo?”

Niliingia ndani, nikakata kipande cha katoni, nikaandika kwa herufi kubwa: MALI YA MAREHEMU. USIGUSE. Nikakiweka juu ya kabati.

Hapo nakiri jambo. Ile haikuwa huzuni, ulikuwa ujanja. Nilijua watu hawagusi ovyo kitu cha mtu aliyekufa, na nikatumia kifo cha mke wangu kama kufuli. Ilifanya kazi. Kuanzia siku hiyo watu walipita wamejibana ukutani, Omosh hakuitaja tena wikendi, na Mama Shiro aliacha kunisalimia. Tuliishi hivyo miezi minne, milango inatazamana na hatusemezani.

Basi siku moja, Alhamisi, akabisha. Nilifungua nikiwa tayari kwa ugomvi, lakini alikuwa mpole, ameshika mikono yake mwenyewe.

“Baba Brian, Jumamosi nina wageni. Wanakuja kwa ajili ya posa ya Shiro. Ni wazee wa upande wa kijana, kutoka Murang’a. Nakuomba uniondolee vile vitu, siku moja tu. Jumapili uvirudishe, sitasema neno.”

Lazima niwaeleze uzito wa ombi hilo. Mama Shiro alimlea binti yake peke yake. Hana shamba wala nyumba ya mashambani, kwao ni hapo orofa ya tatu, na upande wa kijana walikuwa wameshauliza mara mbili huyu msichana ana kwao wapi. Walikuwa wameahirisha kuja mara moja. Siku hiyo ndiyo ilikuwa ya kuonyesha kwamba Shiro ana kwao, na kwamba kwao kuna watu.

Nikamwambia sawa. Na nilikusudia kweli. Lakini Jumamosi asubuhi nilipoinua upande mmoja wa kabati, vikombe vikagongana ndani, vilevile kama vilivyokuwa vikigongana Agneta akiandaa chai, nikaurudisha chini. Kumwita Omosh anisaidie sikutaka. Nikafikiri: kwani tatizo ni nini, si kwamba panaonekana vibaya? Basi nipapendezeshe. Nikatoa shuka nyeupe iliyo safi kuliko zote nilizo nazo, nikalifunika kabati na magunia, nikakunja pembe vizuri, halafu juu nikaweka maua ya plastiki yaliyokuwa mezani kwa Agneta, na mbele ya maua nikasimamisha kile kikatoni changu, watoto wasije wakakalia. Nikarudi nyuma hatua mbili nikatazama. Wallahi niliona pamependeza. (Nyinyi mmeshaona nilichokuwa nimetengeneza. Mimi sikuona.)

Nikaingia kuoga. Bafu langu liko karibu na mlango, kwa hiyo nilisikia miguu mingi ikipanda ngazi, kisha ikasimama. Halafu sauti ya mzee ikaanza kuomba, polepole, ya heshima sana: “Ee Baba, umpokee huyu uliyemwita, na uwafariji waliobaki.” Nilidhani ni watu wa kanisa langu wamenitembelea. Nilikuwa na sabuni machoni. Nikaitikia kwa sauti nene kutoka ndani: “Amina.”

Miguu ikashuka. Kidogo mlango wangu ukagongwa kwa ngumi, nikavaa suruali, nikafungua. Alikuwa Mama Shiro, amevaa gauni jipya, simu mkononi.

“Shangazi wa kijana amenipigia,” alisema. Hakupaza sauti, na hilo liliniogopesha zaidi. “Anasema poleni na msiba. Anasema hawawezi kuzungumza mambo ya binti mahali palipolala maiti. Wanarudi. Baba Brian, umenifanya nini?”

Nilitazama juu ya bega lake, na kwa mara ya kwanza nikaliona lile kabati kama walivyoliona wao.

Sikuchukua shati wala viatu. Nilishuka zile ngazi nikishika suruali, nikatoka nje, nikaliona gari lao la kukodi linageuza karibu na wauza mitumba, nikaanza kukimbia. “Simameni! Hakuna maiti!” Vijana wa bodaboda wakasimama kwenye pikipiki zao kuangalia. “Buda, rudi usuuze kichwa kwanza,” mmoja akaniambia. Mama mmoja anayekaanga viazi karai kando ya njia akauliza mwenzake ni nani amekufa, na mwenzake akasema ni huyu amefufuka. Nililipita gari, nikasimama mbele yake, mikono juu, povu linaniingia mdomoni.

Kioo kikashuka. Mzee mwenye koti na kofia alinitazama kuanzia juu hadi chini.

“Wewe ni nani?”

“Ni jirani ya Mama Shiro, mzee. Ile si maiti. Ni kabati.”

“Kabati,” alisema. “Na marehemu?”

“Marehemu ni mke wangu. Tulimzika mwaka jana. Ile ni mali yake tu, vikombe na nguo.”

“Na aliyeitikia amina ndani ni nani?”

“Ni mimi, mzee. Nilikuwa naoga.”

Waliotuzunguka walicheka, na ndani ya gari kuna mtu aliyekohoa ili asicheke. Mzee peke yake hakucheka. Alisema kwao hawawezi kurudi kwa neno la mtu aliye nusu uchi, ila kama ni kabati, basi nikalifungue mbele yao.

Kwa hiyo nikapanda ngazi zote tatu, wageni saba nyuma yangu, na orofa nzima imetoka milangoni. Nikaondoa maua. Nikaondoa shuka. Nikafungua mlango wa kabati, na pale ndani kulikuwa na sahani za Agneta za maua ya bluu, vikombe, na aproni yake ya kupikia mandazi. Nilitaka kuishia hapo, lakini mzee aliuliza kile kikatoni kiliandikwa kwa nini, na sikuweza kumdanganya mtu niliyekuwa nimemharibia safari.

“Niliwatisha majirani,” nikasema. “Huyu mama aliniomba kwa haki niondoe vitu, nami nikamtisha kwa jina la mke wangu. Msimpime kwa makosa yangu. Kama kuna mtu mwenye aibu kwenye orofa hii, ni mimi.” Nilikuwa sijalia tangu Vihiga, na sasa nikalilia kwenye korido, bila shati.

Shangazi wa kijana ndiye aliyesema kwanza. “Baba, tangu mkeo aende, kuna mwanamke yeyote amekaa nawe mkapanga vitu vyake?”

“Hakuna,” nikasema.

“Angepangaje, na mlango hafungui?” Mama Shiro akasema. Kisha akaniletea taulo yake mwenyewe. “Futa kichwa. Kabati liingie kwangu, ninapo pa kuliweka. Na hizo sahani nitaziosha, maana wageni ni wengi kuliko sahani zangu. Utaniruhusu?”

Nikamruhusu. Wazee wa Murang’a walivua makoti, wakalibeba lile kabati pamoja na mimi na Omosh, na shughuli ya kumtaka Shiro ikaanza kwa kusogeza viti. Nilivaa shati nikaitwa ndani. Mzee alipouliza binti huyu ana nani hapa, mimi nikamtangulia mama yake, nikasimama nikasema ana orofa ya tatu nzima, aulize mlango wowote. Milango yote ilikuwa bado wazi, na wote wakaitika. Mzee akasema hiyo inatosha, tuendelee.

Jumamosi iliyofuata Mama Shiro alikuja na wanawake wanne wa orofa yetu, tukafungua magunia, tukagawa nguo za Agneta kama ilivyopasa, kila moja na aliyeipokea. Nilijua kumshukuru mtu, lakini sikujua mtu anaweza kushukuru mpaka akachoka.

Siweki tena hata ndoo nje ya mlango wangu. Na nikiwa na kitu kizito nisichoweza kukiinua, naenda mlango wa pili nasema siwezi, njoo tushike.