Nakala ya Sauti ya Baba

Nilikuwa nimerudi Bariadi kutoka Lamadi, kwenye kazi ya kuanika dagaa, na siku ya tatu tu nikaanza kutafuta kitu cha kufungua. Shule niliiacha kidato cha pili, lakini udadisi haukuacha shule pamoja nami. Safari hii kilichokuwa karibu ni kompyuta ya dada.

Dada yangu ni mwalimu, na baba anaishi kwake tangu kiharusi kilipomwondolea maneno na mkono mmoja. Kabla ya hapo, baba akiwa bado na ng'ombe wake kule Zagayu, dada alimrekodi kwa simu akiwaita kwa majina, mmoja mmoja, na kusimulia kila mmoja alikotoka: huyu wa mahari ya shangazi, huyu alinunuliwa mwaka pamba ilipokubali. Simu ile ilishakufa. Rekodi zilibaki kwenye kompyuta peke yake. Kila jioni baba alikaa karibu na spika, na majina yalipoanza, midomo yake iliyafuata.

Niliona kompyuta inajikokota, nikaamua kuisaidia. Kwenye banda la kuingizia filamu kwenye simu na flashi nikapewa programu ya ulinzi, ile ya kulipia, iliyovunjwa kufuli. Maelezo yake yalianza hivi: kwanza zima ulinzi uliopo. Nikazima. Nikajiona fundi.

Kesho yake folda zote zilikuwa zimegeuka shotikati, alama tupu zisizofungua chochote.

"Umefanya nini?" dada akauliza.

"Niliweka ulinzi."

"Ulinzi! Wewe mtu wa kupita, si ungepita tu?"

Baba aligonga spika kwa mkono wake mzima, mara mbili, kama anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua ina watu. Nikatoka nje.

Nilikuwa tayari kupiga windo, yaani kufuta kila kitu na kuanza upya, kwa sababu hilo ndilo nililolijua. Dada akanizuia. Tukaipeleka kompyuta kwa mama mwenye steshenari jirani na kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mmeleta mgonjwa au maiti?"

Akarekebisha ushungi, akachomeka flashi yake. Ndani yake kulikuwa na mfumo mwingine kabisa wa kuendesha kompyuta, wa bure, unaowaka kutoka kwenye flashi yenyewe bila kugusa kilichomo kwenye mashine. Kioo kikawaka kwa rangi nisiyoizoea. Folda zilikuwepo zote.

"Havijafutika," akasema. "Vilifichwa."

"Kumbe cha bure kinashinda cha kulipia?"

"Mwanangu, cha bure kipo na cha wizi kipo. Wewe umevichanganya. Hiki wenyewe wamekitoa kwa moyo, unakifuata kwao. Kile kingine, umemfukuza askari ukamkaribisha mwizi, tena ukampa kiti."

Alinakili rekodi kwanza, ndipo akaisafisha mashine. Akanifundisha kuwasha ulinzi wa mashine yenyewe, kuiacha ijisasishe, na kuchukua programu kwenye kurasa za walioitengeneza tu. Akanipa ya bure ya kuandikia mitihani ya dada, na nyingine ya kusafisha sauti. Kwa hiyo ya sauti niliondoa upepo wa Zagayu kwenye rekodi, kisha nikaurudisha. Bila upepo baba alisikika kama yuko dukani.

"Sasa nakala," yule mama akasema. "Moja kwenye kompyuta, moja kabatini, na moja ikae mbali na nyumba. Mna mtu asiyekaa nyumbani?"

Dada akacheka, kwa mara ya kwanza siku ile. "Huyu hapa. Hatimaye amepata kazi!"

Jioni ile baba alisikia jina la kwanza, akafumba macho, midomo ikaanza. Namshukuru yule mama. Nawashukuru na wale walioandika mfumo ule wakautoa bure. Hawajui Bariadi iko wapi, lakini walimrudishia mzee ng'ombe wake.

Flashi yenye nakala ile ya mbali naivaa shingoni, Lamadi, Maswa, popote. Dada naye hachoki kurekodi: baba akicheka, baba akihangaika na neno. Hivyo nakala yangu inapitwa na rekodi mpya, na inanibidi nirudi kuijaza. Sijawahi kurudi nyumbani mara nyingi kama sasa.

"Mwadila, baba," nasalimia mlangoni kwa Kisukuma. Mkono wake mzima unanyooka shingoni kwangu, unaipapasa ile flashi, ndipo unanishika mimi.