Magongo ya Watoto Waliokua

Niliwahi kuwaambia watu wa Kawangware 46, mtaa wetu wa Nairobi, kwamba hakuna kitu duniani kinaweza kunishangaza, na nilikuwa na haki. Mtu aliyeacha shule darasa la sita, akaja kumiliki karakana, mashine ya kuchomelea na wafanyakazi wake mwenyewe, atashangazwa na nini?

Siku ya kwanza kazini ilikuwa Gatwekera, Kibera, kwa fundi mkuu tuliyemwita Mzee Kitui kwa sababu ya kwao. Nilifika nikidhani nitashika moto wa kuchomelea. Akanifunga mguu mmoja kwa mpira, akanipa magongo, akaniambia niende hadi kwenye reli nirudi. Akina mama wa mandazi walinicheka njia nzima. Niliporudi makwapa yanawaka, akasema, "Sasa unajua. Gongo refu linamla mtu kwapa, fupi linamvunja mgongo. Na la mtoto lisitoke hapa bila matundu."

Matundu ni hivi. Gongo zuri ni paipu mbili, moja ndani ya nyingine. Ya ndani ina mashimo. Unachomoa boliti, unaivuta, unarudisha boliti, gongo limerefuka. Chini unalivisha kiatu cha mpira wa tairi lisiteleze. Mtoto anaweza kutembelea hilo moja hadi awe na ndevu.

Nilipoiva nilihamia Kawangware nikafungua karakana yangu. Mashirika ya misaada yakanijua. Madam wa ununuzi wa shirika moja alikuwa akija na gari hadi mlangoni, ananiita Mzee wa Magongo. Sikuhitaji runinga kujua ni vita gani dunia inaviangalia. Oda zikija nyingi, nilijua kuna mahali kamera zimefika. Zikikauka, nilijua kamera zimehama. Watu wa kukatika miguu hawakuwa wamepungua.

Kiatu cha mpira kilikuwa kazi ya Mama Furaha, mwanamke wa mashariki ya Kongo aliyekimbia vita akapanga chumba nyuma ya karakana. Kisu chake hakikukosea. Siku Madam alipoleta oda ya magongo ya watoto, yote ya kwenda huko kwao, Mama Furaha aliacha kukata akasimama kusikiliza. Dada yake alikuwa kambini kule, akiwatunza watoto wa kanisa, na hao watoto ndio waliopimwa magongo hayo.

Madam akasema bajeti ni ndogo, tutoe paipu ya ndani, vipimo anavyo. Nikamkumbusha mambo ya matundu. Akasema watoto wanasubiri. Mteja ndiye bosi. Nikayachomelea mazima, bila matundu, mazuri, rangi ya buluu.

Yalipokamilika, gari halikuja. Nikapiga simu.

"Mzee wa Magongo, hiyo vita imepoa."

"Imeisha?"

"Haijaisha. Imepoa huku kwetu. Wafadhili wameangalia kwingine. Ngoja kidogo."

Nikangoja. Mwaka ukapita na mwingine ukaingia. Magongo ya watu wazima ningeyauza kwa maduka ya dawa. Ya watoto, mengi hivyo, nani atayanunua? Nilipeleka habari kanisani, wakaombea Kongo dakika moja, kisha tukachangia mazishi. Nilienda kwa wenzangu wa Kibera. Mmoja wa Soweto East akanijibu kwamba yeye amebomolewa kibanda mara mbili na hakuona Mkongo akilia. Nikarudi Kawangware. Jirani yangu mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa akipita kila wiki na mizani. "Tajiri," ananiambia, "hiyo vita yako inashika kutu."

Siku moja nikamwita aje apime. Mama Furaha akaja akakaa juu ya lile rundo la magongo, kisu mkononi, wala hakukielekeza kwa mtu. Akasema, "Patron, batoto banakua. Chuma hakikui."

Nikamfukuza mwenye mizani.

Tukamwomba dada yake Mama Furaha awapime watoto upya. Akatuma sauti kwa simu, jina moja moja na urefu wake. Karibu wote walikuwa wamepita magongo yangu. Majina mengine aliyataja bila urefu, akasema, "Huyu muache," akaendelea. Mama Furaha hakuinua kichwa. Mimi niliyetembea na mguu mmoja hadi kwenye reli, nilikaa chini kwenye vumbi la chuma.

Tulikata kila gongo, tukatia paipu ya ndani, tukatoboa matundu. Tulipomaliza niliuza mashine ya kuchomelea ili kulipa mabati ya kufungia mzigo, boliti na malori. Watu husema nilistaafu kwa sababu ya macho. Waache waseme.

Nyinyi mnaoanza kazi hii, mtaambiwa wakati wa misaada umepita, au haujafika. Toboeni matundu hata kama bosi hajalipia.

Yalifika. Dada yake Mama Furaha alituma sauti nyingine kushukuru, na mwishoni akauliza kama tunayo mengine, mafupi kama yale ya kwanza, kwa maana wadogo wameongezeka. Nikageuka kutazama pale mashine ilipokuwa, pamebaki mduara mweusi kwenye sakafu.

Kushangaa kumenigharimu shilingi elfu tisini na saba, mia nne na hamsini.