Barua Aliyomsomea Mkewe

Alifundisha Kiingereza miaka thelathini na minne, na wanafunzi wakampachika jina la Mwalimu Mkia, kwa sababu kila neno alilishika mwishoni. "Kichwa cha neno kinaweza kukudanganya," alizoea kusema, "lakini mkia hausemi uongo." Kisha anaandika ubaoni: legal, legalize. "Hiyo -ize ni kama -sha yetu. Halali, halalisha. Kitu hakikuwa hivyo, sasa kimefanywa kiwe hivyo." Siku moja msichana wa dawati la nyuma akamuuliza, na apologize je, hapo nani anafanywa awe nini? Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akajibu kwamba kuomba radhi ni shida ya Waingereza wenyewe, akafuta ubao.

Mwaka aliostaafu, mkewe, fundi cherehani, alitolewa uvimbe kwenye titi. Wakadhani yamekwisha. Miezi kadhaa baadaye mgongo ukaanza kumuuma, hata kukanyaga cherehani ikawa kazi. Hospitali wakampiga picha, wakampa bahasha iliyofungwa ampelekee daktari baada ya wiki mbili.

Mwalimu alishindwa kungoja. Akaichana kwa kisu cha jikoni, mkewe amekaa mbele yake na futi ya kupimia bado ikining'inia shingoni.

Barua ilijaa vifupisho. Sentensi moja tu ndiyo aliyoipata nusu: uvimbe has metastasized. Kamusi yake ya shule haikuwa na neno hilo. Akalikatakata kama samaki, kwa mazoea yake. Ile stas ya katikati aliifananisha na static, yaani kitu kilichosimama. Na -ize ni kufanya. Herufi za mwanzo zilimtatiza, akaziruka.

"Wanasemaje?" mkewe akauliza.

"Wameusimamisha. Ugonjwa hausogei tena."

Mama wa watu akajifunika uso kwa kitambaa alichokuwa akikishona, akalia kwa furaha. Binti yao alipopiga simu kuuliza habari, aliambiwa hivyo hivyo. Naye akaamini, maana baba yake ndiye aliyekuwa akiwasomea mtaa mzima barua zao. Wiki mbili zilipotimia, mkewe akasema, "Sasa niende hospitali kupanga foleni ya nini, Mwalimu? Nina sare za shule sitini za kushona." Mwalimu hakumlazimisha. Kwa maumivu ya mgongo wakakisingizia kiti cha cherehani.

Miezi mitatu baadaye mkewe alishindwa kuinuka kitandani. Binti akaja na gari la kukodi, wakampeleka. Daktari alisoma ile barua, akaigeuza, akatazama tarehe.

"Mzee, hii mlikuwa nayo muda wote huu?"

"Tuliisoma. Inasema umesimama."

"Hapana, mzee wangu. Neno hili maana yake umesambaa. Umetoka kwenye titi, umeingia kwenye mifupa."

Mwalimu aliuliza kama wangekuja mapema ingesaidia. Daktari akasema pengine wangempunguzia maumivu, pengine wangempa mwaka mmoja, hawezi kuapa. Binti alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia yote, akatoka nje.

Siku tisa Mwalimu alikwenda wodini na uji, na kila siku ulimi ulikuwa mzito. Siku ya kumi akavuta kiti karibu na kitanda.

"Mke wangu, ile barua nilikusomea vibaya."

"Najua. Mwanao aliniambia siku ile ile."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja wewe." Akapumzika kwanza, pumzi zilikuwa fupi. "Zile sare nilizimaliza zote, unajua? Ningejua ukweli, hata shati moja nisingeshona."

Mwalimu hakujua kama amesamehewa au anafarijiwa tu kama mtoto. Hakuthubutu kuuliza. Alimlisha vijiko vinne vya uji, cha tano akakikataa.

Alifariki wiki iliyofuata, saa nne asubuhi, Mwalimu akiwa kwenye foleni ya dawa. Msibani binti alihudumia wageni wote, akampita baba yake kama anapita nguzo. Ilichukua miezi mingi kabla hajafika tena nyumbani. Alipokuja, alikuja kuchukua cherehani. Mwalimu alishika upande mmoja, yeye akashika wa pili, wakaibeba pamoja hadi barabarani, wakisemezana tu pale penye ngazi.